Namba Mbili ya Sista Nakunda

Kioo kiliwaka kijani, kikaandika mbili.

"Mbili?" Namsifu alifoka mpaka watu wa benchi la nyuma wakageuka. "Mama yangu anatapika tangu alfajiri, hata uji haujakaa tumboni, halafu mbili?"

Mama yake, Sista Nakunda Mbwambo, alikuwa amekaa wima ndani ya kile kibanda cha vioo, mkoba mapajani, kilemba kimefungwa sawasawa kama anayekwenda ibada ya kwanza. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumikia kama muuguzi katika wodi ya wazazi ya hospitali hii hii ya Ndungwe. Alistaafu bila mtu hata mmoja kuwahi kumsikia akipaza sauti. Tumbo lilikuwa linamkata chini upande wa kulia, linakata na kutulia na kukata tena, na yeye alikuwa anapumua taratibu kwa pua, kama alivyowafundisha wanawake wasiohesabika wenye uchungu.

"Ndivyo alivyosoma Pima, dada," alisema binti wa kibandani, aliyevaa koti la kijani. "Chini ya tatu ni dirisha la dawa. Anayefuata!"

Tusiwe wachache wa fadhila: Pima aliletwa kwa nia njema. Kabla yake, foleni ya Ndungwe ilikwenda kwa kujuana. Mwenye shemeji ofisini alipitia mlango wa nyuma, na asiye na mtu alisubiri mpaka akasahau kilichomleta. Ndipo wakaja wataalamu na mashine yao. Ilikuwa na lenzi tatu, kinasa sauti na sahani mbili za chuma za kuwekea viganja. Inasoma uso, inasikiliza sauti, inahesabu pumzi, inaonja jasho, na mwisho inatoa namba ya maumivu, kuanzia sifuri hadi kumi. Sita na kuendelea, unaingia kwa daktari moja kwa moja. Tatu mpaka tano, unakaa kwenye benchi. Chini ya hapo, unapewa vidonge dirishani na kutakiwa safari njema. Watu wakaipenda, wakaacha kuiita mashine, wakaiita Bwana Pima. Pima hana shemeji, walisema. Pima hapokei simu ya mkubwa.

Walichokosea ni kitu kimoja. Waliomfunga Pima waligundua kwamba wagonjwa husema uongo, basi wakaona afadhali asisikilize maneno kabisa. Anasikia mlio, hasikii kinachosemwa. Unaweza kumwambia Pima nyumba inaungua. Ukimwambia kwa utulivu, atakupa moja.

Namsifu alimshika mama yake mkono wakaenda kukaa kwenye benchi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa hesabu, na hakuna kilichomchukiza kama jawabu lisilo sahihi.

"Mna kipimo cha pili," alisema mwanamke aliyekaa pembeni yao, mnene, kajifunga kanga mbili na goti lake limefungwa bandeji. "Kila mtu anaruhusiwa mara mbili kwa siku. Ila wewe dada yangu, samahani nikuambie, umekaa mle kama umekwenda kupiga picha ya pasipoti! Pima atajuaje?"

"Nifanyeje?" aliuliza Sista Nakunda.

"Lia. Kunja hapa, katikati ya nyusi. Halafu useme 'aaa', siyo 'mmh'. 'Mmh' haielewi. Mimi hili goti tu, jana nilipata saba." Akacheka, akamwonyesha namna ya kukunja uso, na kweli alikuwa fundi, machozi yalimlengalenga palepale.

"Na nani alisubiri nje wakati wewe na goti lako mko ndani?" Sista Nakunda alimwuliza.

Kicheko kikakatika. Mwanamke akaangalia upande mwingine. Mbele yao kijana mmoja alikuwa ameshika mkono wake uliofungwa kitambaa, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Karatasi yake ilisema tano. Alikuwa ananyamaza kiume.

"Mama, lia tu," Namsifu alinong'ona. "Nakuomba. Ukishaonwa, tutatubu."

Sista Nakunda alitaka kujibu, na hapo kitu kikaachia. Hakukuwa na neno jingine. Maumivu yaliyomkaba tangu jana jioni, yalipoanzia kitovuni akichagua maharage, yakahamia kulia usiku kucha, yakamfanya atapike mpaka nyongo, yakaachia yote kwa pamoja, kama mtu aliyefungua mkanda. Akavuta pumzi ndefu. Mwili ukawa mwepesi. Hofu ikamwingia hadi kwenye mifupa.

"Namsifu."

"Abee, Mama."

"Maumivu yamekwisha."

"Asante Mungu!"

"Usishukuru bado. Ni kidole tumbo, na sasa hivi kimepasuka." Alizungumza polepole, kama anayekabidhi zamu. "Uchafu uliokuwa umefungiwa humo unamwagika tumboni. Saa moja au mbili mtu anajiona amepona, anaomba chai. Halafu homa inapanda na tumbo linakuwa gumu. Niliwahi kumwona mwalimu mwenzako mmoja hivyo hivyo. Alikunywa chai, akatutania wauguzi wote. Kesho yake tulimfunika shuka."

Namsifu alisimama, akamvuta mama yake hadi kibandani.

Safari hii Sista Nakunda alidhamiria kulia. Msimlaumu; alikuwa anataka kuishi. Alikaa, akaweka viganja kwenye zile sahani za baridi, akakunja uso kama alivyofundishwa, akafungua kinywa. Sauti haikuja. Aliisukuma, ikagoma kooni. Miaka sitini na mitatu ya kuambiwa mtoto wa kike ajikaze, na thelathini na mmoja ya kuwaambia wenzake hivyo hivyo, haiondoki kwa dakika moja kwa sababu umeihitaji. Kupitia kioo aliona yule kijana wa mkono, na damu yake. Akafunga kinywa. Kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku, ya upole:

"Kidole tumbo changu kimepasuka. Nisipopasuliwa leo nitakufa."

Kioo kiliwaka kijani, kikaandika moja.

"Unaona?" binti wa koti la kijani alimtabasamia. "Inashuka. Pole sana, Mama. Dawa dirishani."

*

Mlango wa Daktari Mshana ulikuwa na kibao: Namba Sita na Zaidi. Sista Nakunda aliusukuma na moja yake, akaingia, Namsifu nyuma yake. Mlinzi aliwafuata akibweka kwamba wanavunja utaratibu.

Daktari alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushee, miwani, koti safi, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima. Alimpungia mlinzi atoke. Huo ulikuwa uungwana wake, na tuuhesabu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Sista Nakunda, nilikuwa wodi ya wazazi hapa hapa. Kidole tumbo changu kimepasuka, haijapita nusu saa. Naomba unipime tumbo na uandae chumba cha upasuaji."

Daktari aligusa kishikwambi chake. Hakumwangalia yeye, aliangalia kishikwambi.

"Hapa naona mbili, kisha moja. Mama, unaendelea vizuri."

"Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Maumivu yameachia ghafla."

"Kwa hiyo kwa sasa huumwi."

"Siumwi sana."

"Basi, Mama..." Alifungua mikono, kama mtu aliyemaliza hesabu.

Sista Nakunda alitamani kumzaba kofi. Alijua sauti ile. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile aliyoitumia kwa wagonjwa waliokuja na maswali mengi. Wajuaji, yeye na wenzake waliwaita. Huyo wa kitanda cha tano mjuaji, msikawie kwake, msimsikilize. Leo mjuaji alikuwa yeye, na hakuna dharau iliyowahi kumchoma kama ile iliyokuja na adabu zote na shikamoo juu.

"Daktari," Namsifu aliingilia, "kumshika tumbo kunakugharimu nini? Dakika moja!"

"Nikimshika bila namba nimevuka namba, dada. Kila ninapovuka inaandikwa. Mara tatu kwa mwezi naitwa mbele ya Baraza la Madaktari, na Baraza likiamua, nasimamishwa kazi. Nimeshavuka mara mbili. Wagonjwa wote wawili waliapa kwa Mungu. Mmoja alikuwa na gesi. Mwingine alikuwa mjomba wa mtu." Akavua miwani, akajisugua macho. "Nilipokuwa mwanafunzi, msichana alifia mikononi mwangu kwenye foleni, kwa sababu shangazi wa bwana fulani alipitishwa mbele na mafua yake. Niliapa sitafanya kazi namna ile. Pima hakosei kwa makusudi. Binadamu ndiye hukosea kwa makusudi."

Namsifu aliona kwamba haukuwa uongo. Hata Sista Nakunda aliuona ukweli wake, na hilo lilimkera zaidi kuliko kama kijana angekuwa mpumbavu tu. Homa ilikuwa inaanza kupanda. Aliisikia nyuma ya shingo. Alijishika mshipa wa mkono kwa mazoea. Mapigo mia moja na kumi na mbili kwa dakika.

Alijua kilichobaki cha kusema. Alikuwa amekaa nacho miaka kumi na minne bila kumwambia mtu, hata huyu mwanawe aliyesimama hapa. Na sasa alipaswa kukisema mbele ya kijana aliyemwamkia kwa heshima.

"Mwanangu, Pima alifundishwa na nani?"

"Wataalamu."

"Wataalamu walimleta akiwa hajui kitu. Kama mtoto mchanga. Walimfunga kwenye wodi yangu miaka miwili, juu ya vitanda vya uchungu, kwa sababu ndipo mahali penye maumivu ya uhakika. Anamtazama mwanamke, na muuguzi anabonyeza namba. Anatazama, tunabonyeza. Ndivyo alivyojifunza. Namba nyingi zilizo kichwani mwake nilibonyeza mimi, kwa kidole hiki."

Daktari alivaa miwani yake tena.

"Mwanamke aliyepiga kelele nilimpa tisa, kama ninayemshtaki," aliendelea. "Aliyejikaza, akauma kanga akanyamaza, nilimpa mbili. Niliona namba kubwa ni aibu, itabaki kwenye faili lake, itasomwa na mume na mama mkwe. Basi nikawapa mbili kama zawadi. Kama maksi za tabia njema. Wauguzi wadogo wakaiga, maana mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao. Kwa hiyo umesema kweli, Pima hakosei. Anarudia nilichomwambia, kwamba mwanamke aliyenyamaza haumwi. Ni uongo. Nilijua ni uongo wakati nabonyeza."

"Ulijuaje?" Daktari aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa vidole vya miguu. Uso unaweza kuukaza, sauti ukaimeza. Vidole vya miguu hakuna niliyemwona akikumbuka kuvificha. Vilikuwa vinajikunja mpaka vinakuwa vyeupe, na mimi naviona, na mkono wangu unabonyeza mbili."

"Mama," Namsifu alisema. Yeye mwenyewe alizaa watoto wawili kwenye wodi ile, kimya, mama yake amemshika mkono.

"Na kwa nini hukusema?" Daktari aliuliza. "Miaka yote hii?"

"Walinipa ngao."

Wote watatu walikuwa wameiona. Ilitundikwa kwenye korido ya wodi ya wazazi, mbao ya mninga, maandishi ya dhahabu: Wodi Tulivu Kuliko Zote.

Sista Nakunda hakungoja aambiwe. Alivua viatu, akavua soksi, akapanda kitanda cha kupimia kwa shida, akalala chali na kufungua gauni tumboni. Katika dari, jicho dogo la Pima, kama yale yaliyofungwa kila chumba na juu ya kila kitanda, likawaka kumtazama.

"Bonyeza hapa kulia, taratibu, halafu uachie ghafla," alisema. "Na usinitazame usoni, kwa sababu nitakudanganya. Sifanyi makusudi."

Daktari Mshana alitazama mlango. Alitazama kishikwambi. Kisha akaweka mkono wake juu ya tumbo lile, akabonyeza, akaachia.

Uso wa Sista Nakunda haukutikisika. Ulikuwa uso wa pasipoti, mtulivu, macho kwenye dari. Kwenye kishikwambi Pima aliandika mbili. Na kule mwisho wa kitanda vidole kumi vya mwanamke mzee vilijikunja kwa nguvu mpaka kucha zikapauka, vikatetemeka, vikakataa kunyooka.

Daktari alivitazama vidole vile kwa muda. Akarudisha kiganja tumboni, safari hii bila haraka, akasikiliza ugumu wake kwa mkono kama watu walivyofanya kabla ya Pima kuzaliwa.

"Ee Mungu wangu," alisema. Akachukua kishikwambi, akaweka kidole gumba. Kikamuuliza sababu ya kuvuka namba, kwa herufi nyekundu. Akasimama hapo. "Niandike nini? Nikiandika vidole vya miguu watanicheka."

"Andika mgonjwa amesema," alijibu Sista Nakunda kutoka kitandani. Sasa jasho lilikuwa linamtoka.

Akaandika hivyo. Mgonjwa amesema. Kisha akafungua mlango na kuita machela kwa sauti ambayo, kama angekuwa kibandani, ingempatia kumi.

*

Walimtoa tumboni usaha wa kujaza beseni. Daktari mpasuaji alimwambia Namsifu kwamba wangechelewa mpaka jioni wasingekuwa na cha kuokoa, akasema hivyo huku akila embe, jambo ambalo Namsifu hakulisahau.

Siku ya tatu mchana, Sista Nakunda alikuwa amelala wodi ya upasuaji, mrija puani, mwingine mkononi, na hasira ambayo haikuwa na mrija wa kuitolea. Daktari Mshana alikwisha kupokea barua ya Baraza, Jumatatu anaitwa. Alikuja kumsalimia, akamwuliza kama atakubali kueleza kwa maandishi aliyoyasema chumbani. Alikubali. Namsifu aliandika, yeye akatia sahihi, na kwa saa nzima mtu na mama yake hawakutazamana. Na juu ya kitanda chake Pima aliendelea kumpa moja, moja, moja, kana kwamba hakuna kilichotokea. Baraza litakaa, litaunda kamati, kamati itakunywa chai. Pima atabaki ukutani.

Kwenye kitanda cha pili, kando yake, walimleta msichana wa miaka ishirini hivi, aliyejifungua kwa upasuaji asubuhi ile. Alikuwa amegeukia ukuta. Juu yake kioo kilikuwa kijani, mbili. Muuguzi alipita na daftari lake, akampapasa bega.

"Safi sana, mama. Wagonjwa wote wangekuwa kama wewe!"

Sista Nakunda alitazama mwisho wa kitanda kile. Shuka lilikuwa fupi.

"Nesi," aliita kwa upole.

"Pumzika, bibi, usiongee, una mshono."

"Nesi, njoo umwangalie huyu binti. Ana maumivu. Huenda anavuja damu ndani."

"Bibi, Pima anasema anaendelea vizuri. Nimetoka kumwona mwenyewe."

"Umemwona uso."

"Pumzika, bibi." Viatu vyake vikaondoka kuelekea mlangoni, tap, tap, tap.

Kwenye kitanda cha pili, vidole vya miguu vya msichana vilikuwa vyeupe kama chaki. Uso ukutani haukutoa hata pumzi ya kusikika. Angeweza kufa hivyo, na wangemsifu msibani kwa jinsi alivyojikaza.

Sista Nakunda alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Mshono ukamvuta. Akavuta hewa mpaka chini, akaifungua ile sauti iliyogoma kibandani, na ikaja, ndefu, chafu, ya aibu zote, ikapita wodi na korido na kufika mpaka kule ilikotundikwa ile ngao yake. Wagonjwa wakainuka vitandani. Juu ya kichwa chake Pima akageuka mwekundu, akaandika tisa, akapiga king'ora.

Wauguzi watatu walikuja mbio, na nyuma yao daktari wa zamu. Walimzunguka, wakamshika mikono, wakamfunua shuka.

"Wapi, bibi? Unaumwa wapi?"

"Mimi siumwi," alisema, akihema, na akanyoosha kidole kuelekea kitanda cha pili. "Mtazameni yule. Miguuni."